Istilahi za Kuzuia Mmomonyoko: Mkulima wa Dodoma Anaambiwa Nini?

Istilahi nyingi zinazojadiliwa katika kurasa hizi ni za ofisini, za darasani au za mahakamani. Neno likikosewa huko, hasara yake aghalabu ni barua kurudishwa au mwanafunzi kupoteza alama. Istilahi tunazokusudia kuzichambua hapa ni za namna nyingine. Hizi husemwa shambani, kwenye mteremko, mwezi wa Novemba kabla ya mvua kuanza, na anayezisikia hutakiwa ashike jembe na kutenda zisemavyo. Akizielewa vibaya atachimba mfereji unaoshuka badala ya ule unaokinga, na mvua ya kwanza itaigeuza kazi yake kuwa korongo. Kwa hiyo tumeonelea yafaa tuzipime kwa kipimo kimoja tu: je, mtu ambaye hakuonyeshwa kwa mkono, akiambiwa kwa neno, atafanya linalotakiwa?

Tumeichagua Dodoma, na hatukuichagua kwa kuwa ni makao makuu. Uwanda wa kati hupata mvua ya milimita zipatazo 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa yake huja kwa vishindo vichache vya mvua kali. Vishindo vya mwanzo huikuta ardhi ikiwa tupu: mabua yamekwisha kuliwa na ng'ombe, majani yamekauka, na jua limeichoma nchi tangu Mei. Huko Mpwapwa, katika miaka ya 1930, mtaalamu R. R. Staples alipima maji na udongo uliochukuliwa katika vipande vya ardhi vya majaribio. Katika kipande kilichoachwa kitupu, karibu nusu ya maji ya mvua ilitiririka ikaenda zake, nayo ikachukua tani zipatazo 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Palipolimwa uwele zilitoka tani 78 hivi. Palipoachwa majani au kichaka, haukutoka udongo wa kuhesabika. Takwimu hizo zimerudiwa katika vitabu vingi vya wataalamu duniani, na nasi tutazirudia mbele kidogo, maana zinahusu lugha kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na neno lililo mama wa yote, yaani mmomonyoko. Limekwisha kukubalika kila mahali, hata wanasiasa na wahubiri wameliazima wakawa wanatuonya juu ya mmomonyoko wa maadili, na tunashuku kwamba wapo vijana wengi wa mjini waliolisikia kwanza kwa maadili kabla ya kulisikia kwa udongo. Hatuna nia ya kuliondoa. Hata hivyo lina kasoro mbili ambazo hazijasemwa vya kutosha.

Kasoro ya kwanza imo katika umbo lake. Limetokana na kitenzi momonyoka, chenye kiambishi cha kutendeka chenyewe, kama vile bomoka na poromoka. Ukuta ukibomoka hatuulizi nani kaubomoa. Vivyo hivyo udongo ukimomonyoka, neno halimtaji mtenda. Halitaji maji, halitaji mvua iliyoupiga, wala shamba lililoachwa uchi. Kinyume chake, pale ambapo lugha ya serikali ilitaka mtenda, ilimtaja waziwazi kwa maneno kama waharibifu wa mazingira na wingi wa mifugo kupita kiasi. Basi tukapata msamiati wa ajabu: udongo hujiondokea wenyewe, na mfugaji ndiye anayeharibu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya taswira. Vitu vinavyomomonyoka ni ukuta wa udongo ulionyeshewa, ukingo wa mto, mkate mkavu. Ni vitu vyenye ubavu, vinavyoanguka vipande vipande machoni pa mtu. Neno hili basi linalifaa sana korongo, ambalo kuta zake humeguka kila masika. Lakini kwenye kipande cha uwele cha Staples hapakuwapo korongo. Tani 78 zikitandazwa juu ya hekta moja ni unene wa milimita tano au sita tu. Hakuna kilichobomoka wala kilichoanguka, na mwenye shamba akipita asubuhi baada ya mvua huona uso wa ardhi umelainika vizuri, pengine akafurahi. Haishangazi basi kwamba mkulima akiambiwa kuwa shamba lake lina mmomonyoko hutazama ukingoni, na asipoona korongo husema la kwake ni zima. Masikio yake hayana kosa. Neno ndilo lililompeleka ukingoni.

Vitabu vya shule hujaribu kuiokoa hali hii kwa kuongeza maelezo nyuma ya neno: mmomonyoko wa tabaka, wa vijifereji, wa makorongo. Huu wa tabaka hautusaidii. Tabaka halimomonyoki, tabaka huchunwa, hubanduliwa, hukombwa. Tukisikiliza watu wanavyosema bila kufundishwa, tutasikia kuwa maji yamezoa udongo, yameusomba, yameukomba. Kitenzi hiki cha mwisho ndicho tunachokipenda. Kukomba chungu ni kupitisha kidole ndani yake hadi kisibaki chochote, na hakuna anayetazamia chungu kivunjike kwa kukombwa. Mvua ya Desemba huifanyia ardhi jambo lilo hilo. Tulifikiria kuunda nomino mkombo, tukaiacha, kwa kuwa iko jirani mno na kombo na ingeleta picha ya kitu kilichopinda. Tunapendekeza ukombaji wa udongo, na katika maelezo kwa mkulima kitenzi chenyewe: maji yanaukomba udongo wako. Hapo mtenda ametajwa, naye ni maji. Vijifereji navyo tungevibadili viwe michirizi, maana mfereji huchimbwa na mtu, ilhali mchirizi maji hujifanyia yenyewe.

Sasa tuje kwenye jina lililotawala Dodoma kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Uswidi, ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi uliojulikana kwa ufupisho wake, HADO. Kazi kubwa ilikuwa katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, ambako eneo la kilomita za mraba 1,256 lilikuwa limekatwakatwa na makorongo kiasi ambacho wageni waliletwa kulitazama. Mitambo ilichonga makingamaji, miti ikapandwa, na mwaka 1979 mifugo yote ya eneo hilo, ipatayo 90,000, ikaamriwa kuondoka. Mwaka 1986 amri kama hiyo ilifika Mvumi. Mwaka 1989 ng'ombe walianza kurudi Kondoa kwa masharti ya kulishwa zizini. Mradi ulikwisha katikati ya miaka ya 1990. Majani yalirudi kwenye vilima, na hilo halina ubishi; kinachobishaniwa hadi leo ni gharama yake, na nani aliyeilipa. Tena utafiti uliofuata umeonyesha kwamba baadhi ya mashapo yaliyotoka katika vilima hivyo ni ya maelfu ya miaka, yaani ya zamani kuliko ng'ombe wote walioshitakiwa.

Sisi tushughulike na jina. Kwanza, ardhi. Katika Kiswahili cha leo ardhi ni mali, ni mipaka, ni hati. Kuna wizara yake, kuna mabaraza yake, kuna Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999. Mtu akimwambia mwanakijiji kwamba amekuja kuhifadhi ardhi, jambo la kwanza litakalomjia ni kwamba ardhi hiyo inataka kuchukuliwa. Kinachosombwa na maji si ardhi kwa maana hiyo. Mipaka ya shamba haijawahi kusombwa. Kinachosombwa ni udongo, kile kinachoshikika mkononi. Wenye jina waliona pengine kwamba udongo ni neno la chini mno kwa mradi mkubwa. Sisi tunaona kwamba ukubwa huo uliwaponza.

Pili, hifadhi. Neno hili lina historia nzuri. Mtoto wa madrasa huhifadhi Kurani, maana yake huiweka moyoni na kuisoma kila siku; kitu kilichohifadhiwa namna hiyo hutumika bila kikomo. Lakini serikalini neno limechukua njia nyingine. Hifadhi ya Taifa ni mahali ambapo mtu halimi, halishi, hakati kuni, na akikutwa hushitakiwa. Neno moja limebeba maana mbili zinazopingana: kutunza kwa kutumia na kutunza kwa kuondoa watumiaji. Kwa Kondoa maana ya pili ilishinda, na baada ya 1979 hakuna kamusi ambayo ingeweza kuirudisha ile ya kwanza.

Tatu, sarufi. Hifadhi Ardhi Dodoma haina kiunganishi. Ingekuwa Hifadhi ya Ardhi ya Dodoma, tungekuwa na nomino tulivu. Bila ya kiunganishi, neno la kwanza laweza kusomwa kama kitenzi, na jina zima likawa amri: hifadhi ardhi, Dodoma! Yawezekana waundaji walilipenda hilo, au walikuwa wakitafuta ufupisho unaotamkika tu, jambo ambalo ni ugonjwa wa zamani katika majina ya miradi yetu. Shinyanga ilipopata mradi wa namna hiyo mwaka 1986, ikaitwa HASHI kwa kanuni ile ile. Tungependekeza miradi ijayo iitwe ya hifadhi ya udongo na maji, yenye kiunganishi chake, na ufupisho utafutwe baadaye kama lazima.

Neno lililo tajiri kuliko yote katika msamiati huu ni kingamaji, na tungependa msomaji atuvumilie tukikaa nalo.

Kitenzi kinga kina maana mbili zinazoishi pamoja bila kugombana. Mtu hujikinga na jua kwa mwavuli. Hukinga pigo kwa mkono. Hapo kinga ni kuzuia kitu kisikufikie. Lakini mvua ikinyesha, mama hutoa ndoo akakinga maji ya paa. Hapo kinga ni kupokea kitu kisikupotee. Maji ni yale yale na kitenzi ni kile kile, bali nia zinapingana: mmoja hayataki maji, mwingine analilia kila tone. Mjenzi wa nyumba ya mteremkoni hukinga maji kwa kijifereji nyuma ya ukuta ili yasiingie ndani. Jirani yake hukinga maji hayo hayo kwa pipa.

Shambani pia kuna makingamaji ya nia mbili. Lipo linalochongwa sawasawa kabisa, likazibwa ncha zake, ili maji yasimame nyuma yake na kuzama ardhini. Na lipo linalochongwa kwa mwinamo mdogo, tuseme sentimita 25 hadi 50 kwa kila mita 100, ili maji yatembee polepole bila kukomba hadi kwenye njia yake iliyooteshwa majani. La kwanza hupokea, la pili huzuia na kuondosha. Kwenye nchi ya mvua nyingi, aliyejenga la kwanza atayaona maji yakijaa, yakipanda juu ya tuta na kulipasua. Na tuta moja la juu likipasuka, maji yake huyapasua yote ya chini, hata shamba lililokuwa halina korongo likalipata kwa usiku mmoja. Kwenye nchi kame, aliyejenga la pili amemwibia mtama wake maji ambayo hayatakuja tena mpaka mwaka mwingine. Dodoma imo katikati ya hatari hizi: mwaka wake ni mkame, lakini mvua yake moja moja ni kali, na udongo wake mwingi huziba usoni pale unapopigwa na matone. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mkulima ajenge kingamaji. Lazima aambiwe la namna gani.

Hapa Kiswahili kimetuwekea akiba ambayo wataalamu hawajaifungua. Wao wameona neno moja wakalitumia kwa vitu viwili. Sisi tunapendekeza kingamaji la kutuliza na kingamaji la kupitisha. Maneno yote mawili ni ya kila siku; maji huyatuliza mtu mtungini, na hupitishwa mferejini. Bwana shamba akisema la kutuliza, msikilizaji atajua kwamba ncha huzibwa. Akisema la kupitisha, atauliza mara moja yapitishwe kwenda wapi, nalo ndilo swali ambalo tungependa aulize. Laiti lingeulizwa kila mara, makorongo kadhaa yaliyoanzia kwenye ncha za makingamaji yasingekuwapo.

Kuna na suala la tahajia. Tumeyakuta maandishi yenye kinga maji, kinga-maji na kingamaji, wingi wake mara makinga maji, mara kinga za maji. Pendekezo letu ni neno moja katika ngeli ya ji-ma: kingamaji hili, makingamaji haya.

Kisha huja neno ambalo bila yake kingamaji halijengeki. Ramanini tuna kontua, nasi hatuigombi kontua iliyo ramanini. Imekwisha kuwa yetu. Bali kwenye mteremko kontua haionekani. Kumwambia mtu alime kwa kufuata kontua ni kumwambia afuate kitu kilichoko kwenye karatasi ya mwingine. Badala yake wapo wasemao kulima kwa kukata mteremko. Hili ni baya zaidi. Kukata katika Kiswahili huweza kuwa kwenda kwa kukingama, lakini pia huweza kuwa kwenda moja kwa moja, kwa haraka, kama akataye mbuga. Tunawezaje kulikabidhi shamba la mtu kwa kitenzi chenye njia mbili, moja ikishuka? Wengine husema mstari wa usawa. Lakini usawa, tangu enzi za Azimio la Arusha mpaka usawa wa jinsia wa leo, ni hali ya kulingana, na mkulima aweza kudhani anaambiwa mistari yake ipishane kwa nafasi zinazolingana. Kukinga mteremko ni kauli bora, na yapo maandishi yanayoitumia. Iwe hiyo.

Kwa mstari wenyewe, tungewauliza waashi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 mji umejaa waashi, na hakuna mwashi asiye na pimamaji. Kile chombo chenye kipovu cha hewa ndani ya maji kimepata jina lisiloshindika: kinapima kama maji yangetulia. Na mstari unaotafutwa mteremkoni ni huo huo, ule ambao maji yakimwagwa juu yake hayaelekei huku wala huko. Kwa nini usiitwe mstari wa pimamaji? Maofisa ugani wengi huupata kwa uzi uliofungwa pimamaji katikati, au kwa fremu ya A, ambayo jina lake halina haja ya kuguswa. Neno, chombo na kazi vingekuwa kitu kimoja.

Tuta nalo limebeba mzigo usioonekana kamusini. Ni neno safi: tuta la viazi, tuta la reli, siku hizi hata tuta la barabarani linalowapunguza mwendo madereva. Lakini katika miaka ya 1950 wakoloni walilitumia kwa kulazimisha. Usambara watu walilazimishwa matuta; Usukuma pia. Uluguru walilazimishwa matuta ya ngazi kwenye udongo mwembamba ambao ulipogeuzwa ulitoa ardhi tasa ya chini, na mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakamwua mtu mmoja. Sheria ndogo hizo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoijazia TANU wanachama vijijini. Wazee wa sehemu hizo wakisikia matuta, si tuta la viazi wanalolikumbuka. Ndiyo maana hatupendi desturi ya kuita kila mwinuko wa udongo tuta. Kingamaji ni kingamaji, ngazi ni ngazi, na tuta libaki lile ambalo mmea huoteshwa juu yake.

Hapa Wakenya wametupita kwa neno moja la ajabu. Katika Ukambani, hasa Machakos, wakulima huchimba mtaro wa kukinga mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Baada ya misimu kadhaa udongo unaoshuka hujikusanya nyuma ya ukingo huo na shamba hujifanya ngazi lenyewe. Wao huita fanya juu. Na udongo ukitupwa upande wa chini, fanya chini. Msemaji wa pwani akilisikia atauliza: fanya nini juu? Kitenzi chenyewe hakikuchaguliwa vizuri; tupa ingefaa, au weka. Tena si nomino, na kamati yoyote ya istilahi ingelirudisha. Hata hivyo neno hilo limeenea hadi kwenye vitabu vya Kiingereza, ambamo limeandikwa kwa Kiswahili chake, na wahandisi wa mabara mengine hulitamka bila kujua lugha limetoka wapi. Ni maneno machache sana ya fani yoyote ambayo Kiswahili kimeipa dunia kwa namna hiyo. Kilichoisaidia fanya juu ni kwamba inamwambia mtu aliyeshika koleo upande wa kuutupa udongo. Tuliache lilivyo, makosa yake yote yakiwemo.

Kanuni ya kuunda istilahi inajulikana: tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu za nchi yetu, kisha kwingineko. Katika uwanja wa udongo kanuni hii imefuatwa kwa njia ya kuchekesha. Kitivo, ambalo huko Usambara na Upare ni ardhi ya bondeni yenye rutuba, tulilichukua tukalipeleka chuo kikuu, tukawapa maprofesa. Wakulima wakabaki na ardhi yenye rutuba. Mbuga nayo, ambayo Wasukuma walikuwa nayo kwa udongo mweusi wa mfinyanzi unaojaa maji wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, wataalamu wa udongo wa wakati wa ukoloni waliipokea kwa maana hiyo hiyo barabara. Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani, Tanga, katika miaka ya 1930 alieleza jinsi udongo unavyopangika kutoka kilimani hadi bondeni, na nadharia yake imeenea duniani kote; huko Usukuma wakulima walikuwa wameupanga hivyo tangu zamani, kwa majina luseni, itogolo, ibambasi na mbuga. Kiswahili sanifu kikaichukua mbuga na kuijaza swala na watalii. Leo mtu akiandika udongo wa mbuga, msomaji wa mjini huwaza Serengeti. Hatudhani itawezekana kuirudisha yote, ila katika maandishi ya kilimo tungeomba udongo wa mbuga uendelee kupewa haki yake.

Dodoma kuna kuberega. Ni kulisafisha shamba juujuu, kuyachoma mabua, na kupanda bila kuitifua ardhi. Kwa miaka mingi kuberega kumehesabiwa kuwa ni uvivu au kilimo duni. Sasa wamekuja wataalamu wa kilimo hifadhi, nao hufundisha, kama jambo jipya, kwamba ardhi isitifuliwe. Nusu ya somo lao Wagogo walikuwa nayo. Nusu nyingine, ya kuyaacha mabua yaufunike udongo badala ya kuyachoma, hawakuwa nayo, na tani 146 za kipande kitupu cha Mpwapwa zinaeleza kwa nini nusu hiyo ni muhimu. Ingekuwa rahisi namna gani kusema: bereга bila moto! Badala yake mkulima anaambiwa aache alilolijua na ajifunze kilimo hifadhi, jina ambalo kwa masikio ya Kondoa na Mvumi linaanza vibaya.

Shinyanga walifanya vizuri zaidi. HASHI ilikuta Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, ikalichukua neno pamoja na desturi yake. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000. Hatusemi kwamba neno ndilo lililoirudisha miti. Tunasema kwamba hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake, wala kuogopa kwamba ng'ombe wake watafukuzwa, kwa kuwa ngitili ni ya ng'ombe.

Katika maneno ya karibuni tunalolipenda ni kisiki hai, ambalo tangu 2018 limeenezwa katika vijiji vya mkoa wa Dodoma na shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit. Kazi yenyewe ni kukitafuta kisiki ambacho mizizi yake ingali hai, kuchagua machipukizi machache, kuyapogolea na kuyalinda mpaka yawe mti. Maneno mawili yanayopingana yamewekwa pamoja, na mtu hasahau. Kisiki kwa kawaida ni cha kujikwaa au cha kung'olewa. Hapa kimepewa uhai, na mkulima anajua kwamba hatakiwi kununua mche wala kubeba maji. Wengine wamependekeza litafutwe neno la kitaalamu zaidi. Tunawasihi wasilitafute.

Limebaki korongo, nalo hatujalimaliza. Dodoma mtu akisema korongo aweza kumaanisha mto wa mchanga ulioko pale tangu babu zake, unaopita maji wiki chache kwa mwaka na kutoa mchanga wa kujengea. Na aweza kumaanisha shimo lililoanza juzi kwenye njia ya ng'ombe. La kwanza huachwa lipite. La pili huzibwa, na huzibwa mapema. Tunapendekeza la pili liitwe korongo la mmomonyoko, ambapo neno mmomonyoko limefika nyumbani kwake kabisa. Na korongo hilo lina sehemu isiyo na jina linalotosheleza: ule ukuta wa juu ambako maji huangukia ndani, ambao kila mvua humeguka na kusogea kuelekea kilimani. Baadhi ya maandishi huuita mwanzo wa korongo. Mwanzo ni kitu kilichokwisha kupita, kimetulia mahali pake. Huu hautulii, hula shamba kwa kupanda juu, kinyume na njia ya maji. Tumeupendekezea kichwa cha korongo, kwa sababu kichwa ndicho kinachotangulia kiumbe kinapokwenda, na mawe, matawi na majani ya kulizuia huanza kuwekwa hapo. Lakini tunatambua kwamba Wagogo, Warangi, Wasandawe na Waburunge wameishi na makorongo hayo muda mrefu kuliko kamati yetu. Wasomaji wa Kondoa, Chemba, Bahi na Mpwapwa wenye neno la sehemu hiyo katika lugha zao watuandikie, pamoja na sentensi moja inayoonyesha linavyotumika, kabla pendekezo halijafikishwa kwenye kikao cha kusanifu.